Kabla Hamjapokea Bahasha: Barua kwa Vijana Mnaotaka Udiwani Nairobi

Wanangu,

Nawasikia kila jioni baada ya Isha, mmejipanga pale barazani Majengo, simu mkononi, mkihesabu wadi 85 za Nairobi na kusema safari hii wazee hatutaziona. Sina ubaya na hilo. Mimi mwenyewe nimechoka kupigia kura watu wa rika langu. Lakini wiki iliyopita mmoja wenu alikuja kwangu uso umemwangaza. "Babu," akasema, "pesa ya 2027 ipo. Kuna mdosi ana kampuni yake, amesema atatushika mkono mpaka siku ya kura, na hataki chochote." Nikammiminia chai, nikanyamaza. Naona nilikosea kunyamaza, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Sikuwahi kuwa mwanasiasa. Nilikuwa karani wa fedha miaka 22 katika kampuni moja ya ujenzi kule Industrial Area. Jina lake sitaji. Wenyewe wengine wamekwisha tangulia mbele ya haki. Kazi yangu ilikuwa vocha. Kila shilingi iliyotoka kwenye sanduku, mimi ndiye niliyeiandikia karatasi, nikaitia namba, nikaichoma kwenye msumari. Kwa hiyo nikisema najua pesa ya kampuni inavyoingia kwenye siasa, sisemi ya kusikia. Mwandiko ulikuwa wangu.

Neno hongo sikuliandika hata siku moja. Niliandika "mafuta ya lori". Niliandika "kokoto, safari nne", na hakuna lori lililotoka getini siku hiyo. Mwaka 1997, kuelekea uchaguzi wa Desemba, nilifunga bahasha za kaki tatu kwa wagombea watatu wa kiti kimoja cha udiwani, wa vyama vitatu tofauti, na usiku walikuwa wakitukanana majukwaani. Ya anayepewa nafasi kubwa ilikuwa nene, hizo mbili nyembamba. Nilimuuliza mhasibu mkuu kwa nini tunampa mtu na mpinzani wake. Akacheka, akaniambia, "Sisi tunanunua kiti. Atakayekikalia ni juu yenu wapiga kura."

Mdosi wenu akiwaambia anawapenda nyinyi kwa sababu ni vijana, ulizeni kimyakimya ni bahasha ngapi nyingine amefunga.

Sasa niwaeleze pesa ile ilivyorudi, maana hili vijana wengi hamlijui. Mnadhani tajiri anapoteza pesa kwenye kampeni kama mtu anayecheza kamari. La. Ile elfu mia na hamsini ya bahasha nene iliandikwa kwenye bei ya kazi iliyofuata. Kazi yenyewe ilikuwa mtaro wa maji machafu hapa hapa mtaani kwetu, mita mia mbili na kitu, pamoja na mifuniko ya zege, baada ya zile mvua za El Nino kutuharibia kila kitu. Bei ilikuwa imeshapangwa na ushindani ulikuwa wa kuigiza, lakini mdosi hakutaka faida yake ipungue. Basi kilichopungua kikawa mtaro. Vocha za nondo nilizipitisha mimi. Nondo zenyewe sikuziona, na sikuuliza.

Msimu wa masika uliofuata, mvuta mkokoteni mmoja alikuwa akitoka Gikomba na marobota ya mitumba. Gurudumu likapita juu ya mfuniko, mfuniko ukavunjika vipande viwili kama muhogo mkavu, mkokoteni ukalala ubavu. Watu wakamkimbilia, nami nikatoka nyumbani na kanzu yangu ya kulalia. Nikainama nikatazama pale zege lilipokatika. Ndani yake hakukuwa na nondo hata moja. Kulikuwa na waya, ule wa kuzungushia banda la kuku. Yule mvuta mkokoteni alikaa chini ameshika goti lake, akaniuliza, "Mzee, hivi hawa watu waliojenga hapa ni nani?" Nikamwambia sijui.

Diwani aliyeipigania kazi ile kwenye kamati alikuwa na mdomo siku zote. Siku ile hakuonekana. Angesema nini? Na hapo ndipo pesa hii inapouma kuliko watu wanavyodhani. Haikununua kura yake kwenye kamati tu. Ilinunua kimya chake. Leo mwakilishi wa wadi ana nguvu kuliko yule diwani wa zamani: anakaa kwenye Bunge la Kaunti, anapitisha bajeti ya City Hall, anawaita watendaji wa gavana kwenye kamati na kuwauliza barabara imegharimu kiasi gani. Mkandarasi akikulipia kampeni, siku atakapoitwa mbele ya kamati yako wewe ndiye utakayekuwa umeinamia simu.

Msidhani ni mambo ya mitaro tu. Mnalijua jina la Goldenberg, lakini wangapi wenu mnamjua David Munyakei? Alikuwa karani kama mimi, ila yeye katika Benki Kuu. Mapema miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ilikuwa ikilipwa na serikali asilimia 35 juu ya dhahabu na almasi ilizodai inauza nje, katika nchi isiyo na dhahabu ya kiasi hicho wala almasi. Munyakei aliona karatasi hazilingani, akazitoa nje mpaka zikafika kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa 1993, akapoteza kazi, akafa 2006 akiwa fukara. Makarani wawili, mji mmoja, miaka ileile karibu. Yeye alizitoa karatasi zake, mimi zangu nikazichoma kwenye msumari. Hilo nalilalia kila usiku, na sijaomba mtu anipunguzie.

Wala msidhani ni Wahindi au Wakikuyu au Wasomali, kama mnavyopenda kusema hapo barazani. Smith & Ouzman ilikuwa kampuni ya Uingereza ya kuchapisha karatasi za kura. Desemba 2014 mahakama ya London iliitia hatiani kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi wa hapa kwetu ili ipewe kazi. Kwenye mawasiliano yao hongo waliiita "kuku". Sehemu ya pesa walizonyang'anywa na mahakama ilirudi hapa kwetu kama ambulensi saba mwaka 2017. Niliposoma habari ile gazetini nilikumbuka ule waya wa banda la kuku, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Sheria ya kuwazuia wenye pesa ipo, msiitegemee. Ya kudhibiti gharama za kampeni ilipitishwa 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipita ikiwa imewekwa kando. Mwaka 2021 IEBC, tume ya uchaguzi, ilitangaza viwango vya matumizi, vikagonga mwamba, na 2022 watu wakamwaga pesa bila kipimo. Wanaopaswa kuitia nguvu ni walewale walioingia kwa bahasha.

Mtaniuliza, babu, sasa tufanyeje, na kila mazishi tunaulizwa tumekuja na nini? Hapo mna haki. Sisi wapiga kura tuna lawama yetu. Mimi nakumbuka 1992, YK'92, lile kundi la vijana waliompigia Moi kampeni, walipozimwaga noti za mia tano mpaka watu wakaipa noti jina la Jirongo, mwenyekiti wao. Tangu hapo mgombea asiyeacha kitu tunamwita mchoyo. Lakini ukianza kugawa elfu moja moja leo, Desemba hutakuwa na kitu, na Januari utampigia mdosi mwenyewe. Kwa hiyo kataeni kugawa tangu mazishi ya kwanza. Mtatukanwa. Nendeni mchimbe kaburi, mbebe jeneza, mkae na wafiwa mpaka usiku. Huku Majengo watu huona nani alibaki baada ya gari za waheshimiwa kuondoka.

Jihadharini zaidi na vitu kuliko pesa. Mdosi mjanja hatakupa pesa mkononi. Atakupa gari, spika, fulana elfu mbili zenye uso wako. Pesa unaweza kuirudisha kwa M-Pesa usiku huohuo ukalala. Gari ulilozungukia wadi nzima mwezi mzima utalirudisha vipi?

Changishaneni mia mia, na muweke daftari. Jina, tarehe, kiasi, na karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa kinyozi kila Jumapili, aisome anayetaka. Mtu akikataa jina lake libandikwe, rudisheni mia yake. Zikitosha mabango tu, basi ni mabango tu, na miguu yenu. Wadi si kubwa hivyo. Mimi na magoti yangu haya naizunguka kabla ya Adhuhuri.

Mwaweza kushindwa. Sitawadanganya. Mwenzenu mmoja 2022 alifanya hivyo hivyo akashika nafasi ya nne. Ila huyo leo akisimama mbele ya ofisi ya wadi kuuliza taa za barabarani zimekwenda wapi, hakuna anayeweza kumwambia kaa chini.

Yule aliyekuja kwangu wiki iliyopita, mwambieni sijamkasirikia. Aje Ijumaa baada ya sala. Asije na mdosi. Aje na daftari jipya na kalamu mbili, moja nyeusi moja nyekundu, nimfundishe kuandika vocha ya kweli.

Babu yenu,
karani mstaafu, Majengo, Pumwani