Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni Zanzibar: alichosema bibi, na kilichoandikwa

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Asalaam alaykum.

Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa Pemba, upande wa Konde, nikiwakalimania wageni kutoka Ulaya waliokuja kupiga filamu. Walinichukua kwa kuwa nazungumza Kiswahili na Kiingereza, na kwa kuwa nina jamaa Wete. Tulimkuta bibi mmoja ameketi ukingoni mwa jamvi, anazigeuza karafuu kwa kiganja. Zilikuwa na siku ya tatu juani, zimeshaanza kuiva rangi. Mwongozaji akataka aulizwe kama bei inamtosha. Bibi hakuinua uso. Aliokota makonyo mawili matatu, akayatupa pembeni, ndipo akasema: "Twashukuru, mwanangu. Twashukuru."

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa hapa, umeshaelewa. Mtu mzima hamwagi shida zake mbele ya mgeni aliyemfikia uani, tena kamera imemkodolea jicho. Jioni ile nilimweleza mwongozaji kwamba "twashukuru" ya namna ile, kwa sauti ile, ni jibu la mtu asiyeridhika anayejistahi. Akaandika kwenye daftari lake.

Filamu ilipotoka, chini ya uso wa bibi maandishi ya Kiingereza yalisema kwamba ameridhika na bei. Na pale aliposema kwamba hufika shambani saa moja, maandishi yalimfikisha huko saa saba mchana, jua la utosi. Niliwaandikia. Wakanijibu kwamba kazi imeshafungwa. Jina langu nililikuta mwishoni, katika orodha ya walioshukuriwa.

Hapo ndipo nilipoamua kuwa mtayarishaji. Niliona kwamba mkalimani anasikilizwa akiwa uwanjani tu. Kwenye chumba cha uhariri, ambako maneno ya watu wetu yanakatwa na kupangwa, hana kiti. Mwenye kiti ni mtayarishaji.

Tangu hapo naishi kwa lugha mbili. Kila hadithi naiandika mara mbili: muswada wa Kiswahili wa waigizaji, na andiko la Kiingereza la kuombea fedha kwenye mifuko ya nje. Kukitafsiri tu cha kwanza hakunisaidii, kwa sababu msomaji wa Berlin hajui sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, ni nani wala kwa nini nianze kwake kabla sijatoa kamera kwenye begi. Halafu kuna maandishi ya chini ya picha: mistari miwili, kila mmoja kama herufi arubaini, sekunde chache yameshapita. Katika nafasi hiyo lazima niingize "hodi", niingize "pole", nimtofautishe mjomba na ami, ambao Kiingereza kinawaita jina moja. Kuna usiku nimekesha na "shikamoo" moja mpaka adhana ya alfajiri.

Kazi hii karibu hailipwi. Katika bajeti za wageni nilizopitia nimeona fungu la magari, la boti, la chakula, hata la kukodi mwamvuli. Lugha imefichwa ndani ya "mengineyo".

Na hii ni Zanzibar. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kule Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu 1998 tamasha la filamu la nchi za jahazi linakusanya watu Ngome Kongwe. Vijana wengi wa rika langu tulizijua filamu za dunia tukiwa tumekaa pale kwenye ngazi za mawe. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyopigwa hapa hapa, ilioneshwa Toronto ikiwa Kiswahili chake kimekaa mahali pake. Lugha yetu ni mtaji hata huko mbali: mwaka 2019 Lionheart ya Nigeria iliondolewa kwenye kundi la filamu za kimataifa la Oscar kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Sisi Kiswahili tunacho. Ila majaji wale wanasoma yale maandishi ya chini, na yakikosewa, filamu nzima imekosewa.

Ombi langu ni mstari mmoja kwenye kibali. Mgeni anayekuja kupiga filamu Unguja au Pemba awe na mtayarishaji mwenza wa Kizanzibari, kwa mkataba, jina lake likiandikwa kwa cheo hicho, na tafsiri ya kila aliyezungumza Kiswahili isitoke bila saini yake. Kisha nakala yenye Kiswahili irudi, ikaoneshwe kwenye shehia ilikopigwa.

Najua utaambiwa kwamba wageni watakimbilia kwingine. Nimefanya nao kazi, na sikubaliani. Wanaufuata Mji Mkongwe, wanazifuata karafuu, wanawafuata wazee wetu na nyuso zao, na hivyo vyote pamoja havipatikani kwingine. Waliokuja kwa nia njema wataufurahia mstari huo, maana nao hawapendi kuaibika. Vijana wetu wanaomaliza vyuo na Kiingereza chao kizuri watapata kazi yenye jina, badala ya kuwa madereva wenye kuelewa lugha.

Mwaka jana nilipita tena kule Konde. Bibi yupo, macho yamepungua nguvu. Filamu hajaiona. Mjukuu wake alinisindikiza mpaka barabarani, na kabla gari halijafika akaniuliza: "Ile sinema ya bibi ilikwenda wapi?" Nikamwambia nitaiulizia.

Ndiyo naiulizia kwako, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtayarishaji wa filamu wa kujitegemea,
Kikwajuni, Unguja.