Mafundi, geuzeni huo mshono uende nje

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo halisemwi, na likisemwa basi wanaosema ni wauzaji tu. Mie nina usonji na navaa bainda, ile vesti ya kubana kifua kikae bapa. Wanaovaa si watu wa aina moja, kuna transjenda, yaani wanaojiona si wa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, kuna huntha, kuna na wanaume ambao kifua kimejaa wakaona haya kutoka na fulana nyepesi, kwa hivyo msomaji asianze kunihesabia dhambi kabla hajamaliza kusoma.

Tabu yangu mie ni ngozi. Mwenye usonji hisi zake zaweza kuwa kali mno ama hafifu mno, na tangu 2013 hata ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, umeliweka hilo ndani ya dalili zenyewe. Lebo ya shati ambayo wewe hata hukumbuki kama ipo, mie yanichoma kutwa na sisikii mtu anasema nini. Haya sasa mtu kama huyo umvishe naironi na spandeksi, imbane, ni Mombasa mwezi wa pili, jua la kaskazi, yuko ndani ya matatu dirisha halifunguki na jirani kamwegemea bega, si atashuka kabla hata hajafika Likoni?

Na tusiambiwe eti ni wawili watatu. 2020 watafiti wa Cambridge walipitia data za watu zaidi ya 600,000 wakaona transjenda na wengine wasiojiona sawa na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa wana uwezekano wa mara 3 hadi 6 wa kuwa na usonji kuliko watu wengine. Lakini ukiuliza bainda gani nzuri utaambiwa ile inayobana zaidi, basi, kitambaa hakuna anayekitaja.

Watu wasichoelewa ni kwamba kule kubanwa kwenyewe mara nyingi hakunisumbui, kwanza kunanituliza. Temple Grandin, yule mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine nzima ya kumbana mwili ili atulie. Kinachonimaliza ni ule mshono wa ovaloki unaopita chini ya kwapa, uzi wake mgumu kama wa kushonea gunia, kila ukiinua mkono unasugua palepale, alafu jasho likiingia ndio inakua moto kabisa. Na lasitiki ya chini. Ukinunua bainda ndefu ya kufika tumboni, ukikaa tu inajikunja inapanda juu inakua kamba, kwa hivyo mie nachukua fupi inayoishia chini ya kifua.

Huku kutulizwa pia kuna hatari yake, na hapa naomba vijana wanisikize. Wengine wetu mwili hauleti habari mapema, mbavu zinauma na wewe hujui, pumzi inakua fupi wadhani ni uchovu. Ushauri wa kawaida ni isizidi masaa 8 mwilini, usilale nayo, usifanyie mazoezi, kwa hivyo weka alamu kwenye simu, usingoje mwili ukwambie. Kuna utafiti wa 2017 uliohoji watu 1,800 wanaobana kifua, asilimia 97 walikua wamepata angalau tatizo moja, na zaidi ya nusu walitaja joto na maumivu ya mgongo. Waliopumzika siku kadhaa bila kuvaa walikua na nafuu. Bandeji ya kufungia mguu ulioteguka usiiguse kabisa, inazidi kukaza kadiri unavyopumua, na selotepu hata sitaki kuiongelea.

Nilichofanya mie ni kwenda kwa fundi wa cherehani mtaani na kipande cha pamba nilichonunua Biashara Street. Akaipindua pindua ile bainda ya zamani akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya mgongo?" Nikamwambia ndio mzee, ni ya mgongo, akavuta miwani akaendelea na kazi yake. Mbele akaweka pamba isiyovutika, nyuma kitambaa cha kuvutika, mishono yote akaigeuza ikawa nje, ndani ni laini tupu, na ukivaa shati juu nani atajua? Kama huna fundi, ivae tu kinyume, ndani nje, ama tanguliza fulana nyembamba ya pamba isiyo na mshono ubavuni. Ifue kabla ya kuivaa mara ya kwanza hadi ile harufu ya kiwandani itoke, usitie sabuni ya marashi, na ianikwe kivulini. Wale wanaopata kiwewe nguo ikiwakwama kichwani na mikono juu (mie mmoja wao) watafute ya zipu mbele, lakini nyuma ya zipu pawe na kitambaa, ule mchuma ukigusa ngozi hapana.

Kifua changu kwa hii ya fundi hakilali bapa kama kwenye zile za kuagizia, siwezi kusema uongo. Lakini naivaa natoka, naenda kazini, narudi, na ile nyingine ilikua yakaa kabatini.

Sasa ombi langu kwa wanaouza hizi vitu kwenye simu, najua nguo iliyovaliwa hairudishwi na siwalaumu, ila huwezi kuchukua pesa ya mtu kwa picha ya mbele peke yake. Tutumieni picha ya upande wa ndani, mishono ionekane vizuri, na mseme pamba ni asilimia ngapi.

Jina langu naomba lihifadhiwe,
Mombasa