Mwalimu, tutumie maazimio ya kazi kabla ya kukodi basi

Miaka ya mwanzo tuliwapokea wanafunzi pale Gede, pwani ya Kenya, tukaingia nao msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwaonyesha kila tulichokijua: ndege, nyayo za ndovu, miti ya dawa. Watoto walirudi wamechoka na wamefurahi. Kisha mwalimu mmoja akatuambia neno ambalo halijatutoka: "Watoto walifurahi, nawashukuru. Lakini Jumatatu mada ya udongo nimeianza upya, kana kwamba hatukwenda popote."

Ilituuma kwa sababu ni kweli. Tuliwapitisha watoto juu ya udongo ule ule anaoufundisha, na hatukuinama hata mara moja kuushika.

Tangu hapo hatupokei darasa kabla hatujaona maazimio ya kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha wiki kwa wiki. Tunachagua mada ndogo moja, mbili zikizidi, na matembezi yote yanafuata hizo. Shule ikitaka masomo yote kwa siku moja, tunakataa kwa heshima. Mtoto anayekimbizwa kutoka kituo hadi kituo haoni kitu.

Tuuchukue huo udongo. Upande wa mashariki wa msitu, mvua ni nyingi kidogo na mchanga ni wa kijivu. Humo ndimo unamoota mti wa mbambakofi. Ukiingia ndani zaidi unakuta ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo mti wa mrihi ndio mwenyeji. Kaskazini-magharibi ardhi inakuwa nyekundu, mvua inapungua, na miti ni mifupi iliyosongamana. Ni msitu mmoja wenye sura tatu. Kwa matembezi ya muda wa saa tatu hatufiki kote, kwa hiyo tunawaomba wanafunzi waje na udongo wa bustani ya shule yao. Tunapanga vikopo vitatu vilivyotobolewa chini na kutandikwa kitambaa: wa kijivu, mweupe, wa shuleni. Kila kimoja kinamiminiwa kikombe cha maji, na watoto wanahesabu sekunde hadi tone la kwanza lidondoke. Swali dadisi linazaliwa lenyewe: kama mchanga mweupe haushiki maji, mrihi unaishije? Hapo hatuwapi jibu. Wanakwenda nalo darasani, na Jumatatu mwalimu anaanzia hapo.

Hisabati haihitaji maneno mengi. Kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10 inazungushwa kuwa mraba, nao wanahesabu miti iliyomo ndani. Shina hupimwa mzingo kwenye kimo cha mita 1.3, kama wapimavyo watu wa misitu. Madarasa ya juu wanagawanya kwa 3.14: mzingo wa sentimita 157 unatoa kipenyo cha sentimita 50.

Kiswahili ndicho somo ambalo walimu hawalitarajii msituni, nasi tunalipenda kuliko yote. Ngeli zinazowatesa watoto kwenye daftari hapa zinatembea. Kifuu kimeanguka, lakini kipepeo ameruka, ingawa yote mawili yanaanza na ki-. Ufito huu, fito hizi, na ufito wenyewe uko mkononi. Kwa kusikiliza na kuzungumza, tunakaa kimya dakika kumi. Mara nyingine sange hutimka, mnyama mdogo wa pua ndefu, yule mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, akipigapiga majani makavu kwa mkia. Mtoto aliyesikia kishindo kile hakosi la kuandika kwenye insha.

Tukimaliza, mwalimu anapata karatasi ya kila kikundi: walichopima, walichoandika, maswali waliyouliza. Ni kazi halisi ya mwanafunzi, ya kumsaidia kuamua nani anafikisha matarajio na nani bado anakaribia.

Wazazi hutuuliza zaidi juu ya usalama. Ndovu wamo, ndiyo. Ndiyo maana tunaingia asubuhi, kwa kibali, tukiongozana na waelekezi wanaoijua njia, kila mmoja na watoto wasiozidi 15. Mvisheni mtoto suruali ndefu na viatu vya kufunika, kwa ajili ya siafu na upupu. Maji yaje kwenye chupa ya kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020.

Mwalimu, tutumie ukurasa wa maazimio ya wiki unayotaka kuja, idadi ya wanafunzi, na kama kuna mtoto mwenye pumu au anayetembea kwa shida. Wiki mbili kabla zinatutosha. Tutakuja kwanza shuleni kwenu kwa nusu saa, tuongee na darasa na kuwaachia vile vikopo, wavitoboe wenyewe.