Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kurejea Katika Mji Wetu wa Zama za Kati Ndani ya Gemu la Minecraft

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya shughuli za mwaka mbele ya Mkutano Mkuu, na kwa sababu hiyo nasimama mbele yenu, yaani mbele ya wale mliofika. Nawashukuru katibu na mweka hazina kwa kazi waliyoifanya katika mazingira ambayo wengi wenu hamyajui, kwa kuwa hamkuwepo.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Mafunzo ya vijana wapya yalifanyika Kirumba wakati wa likizo ya shule, mashindano ya kujenga nyumba ya msonge yalikamilika na zawadi zikatolewa, na picha zake mliziona kwenye kundi letu la WhatsApp. Ziara ya Kisiwa cha Saanane iliahirishwa kwa sababu itakayoonekana nitakapofika kwenye suala la ada.

Jambo lililotawala mwaka huu, na ambalo limesemwa zaidi vijiweni kuliko vikaoni, ni kufunguliwa upya kwa mji wetu wa Zama za Kati ndani ya Minecraft, gemu la kompyuta ambamo mtu hujenga kwa kupanga bloku. Wanachama wapya wafahamu kwamba mji huo tuliuanza sisi waasisi tukiwa wachache, kabla ya toleo la 1.13 lililotoka mwaka 2018, tukafuata picha za mji wa Carcassonne wa kusini mwa Ufaransa, wenye kuta mbili zinazozungukana na minara ya duara. Mahali palichaguliwa nami: kilima chenye majabali kando ya ziwa, ambacho mtu yeyote aliyewahi kupita Capri Point hapa Mwanza atakielewa bila kuelezwa. Baadaye kila mmoja akashikwa na shughuli zake, mji ukafungwa, na nakala yake ikabaki kwenye diski ambayo niliitunza mimi.

Tulipoingia tena kupitia lango la kusini tuliukuta kama ulivyoachwa, maana katika gemu hili ukuta hauoti ukungu wala paa halivuji. Soko lilikuwepo, ghala la nafaka lilikuwepo, na lile tundu la karibu na mnara wa tatu, lililotokana na mlipuko wa Creeper, yaani kiumbe cha gemu kinachojilipua, bado lilikuwa limezibwa kwa mbao za mwaloni katikati ya mawe. Juu ya ghala ilikuwepo pia ile safu ya milango isiyofungua chumba chochote. Vijana waliicheka, kwa kuwa hawajui kwamba zamani gemu lilihesabu milango ili kupima nyumba ngapi zipo na wanakijiji wangapi waongezeke, na sisi tulipanga milango ili tupate watu wa kujaza soko. Tangu toleo la 1.14 la mwaka 2019 kinachohesabiwa ni vitanda, na kila mwanakijiji hupata kazi kwa kuwepo kifaa cha kazi hiyo jirani naye. Kwa hiyo tuliweka vitanda katika nyumba za barabara ya soko, na meza za kazi katika karakana, ndipo mji ukaanza kuwa na wakazi tena. Milango ile nimeagiza isiguswe.

Sasa nije kwenye uamuzi unaolalamikiwa. Toleo la 1.18, lililotoka Novemba 2021, lilibadilisha kimo cha dunia yote ya gemu: zamani tulijenga kuanzia usawa wa 0 hadi kikomo cha 256, na sasa sakafu imeshuka hadi hasi 64 na dari limepanda hadi 320. Dunia ya zamani ikihamishiwa toleo jipya, eneo ambalo wachezaji walishalitembelea hubaki na sura yake ya juu, na chini yake huongezwa tabaka jipya la miamba na mapango. Lakini eneo ambalo halijawahi kufikiwa huumbwa kwa kanuni mpya kabisa. Nasi miaka ile tulitembea sana bila kujenga. Tulikuwa tumefungua nyika kubwa tupu pande zote za mji, na nyika hiyo ingebaki na sura ya kale milele, huku milima mirefu na mapango ambayo vijana wanayatamani yakianzia mbali kiasi cha kuchosha.

Kamati iliamua vipande vya pembeni visivyo na kazi vikatwe kabla ya kuhama, ili gemu liviumbe upya. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha kama inavyodaiwa. Dunia ya Minecraft imegawanywa katika vipande vya bloku 16 kwa 16, na kila kipande hubeba kumbukumbu ya muda ambao wachezaji wamekuwa ndani yake au jirani yake. Tulivihifadhi vyote vilivyo ndani ya kuta na mashamba yanayozizunguka, na nje ya hapo tukaviondoa vile tu ambavyo muda wake wote haukufika saa moja. Tangazo lilikaa kwenye kundi kwa mwezi mzima likimtaka kila mwenye jengo nje ya mpaka aandike mahali lilipo. Walioandika majengo yao yapo hadi leo.

Mwanachama mmoja, ambaye ninamheshimu, analalamika kwamba gati lake dogo na kibanda cha mvuvi upande wa mashariki vilipotea. Nimepitia kumbukumbu za kundi na sikuona ujumbe wake wowote katika mwezi ule wa tangazo, ingawa niliona picha zake nyingi za harusi ya binamu yake Sengerema. Hata hivyo dunia ya awali haikufutwa. Kwa kuwa ukishaihamisha dunia kwenda toleo jipya hairudishwi nyuma kwa usalama, nilitengeneza nakala rudufu mbili, nikikesha kwa kifurushi cha intaneti nilichonunua kwa fedha zangu, na gati hilo linaweza kurejeshwa siku mwenyewe atakapofika na kutuonyesha lilipokuwa. Mpaka leo hajafika.

Lipo pia kundi lililotaka kuta za zamani zibomolewe na kujengwa kwa mawe ya matoleo mapya, kwa hoja kwamba zimepitwa na wakati na kwamba rangi zake zimebadilika. Rangi zilibadilishwa na watengenezaji wenyewe walipotoa sura mpya za bloku katika toleo la 1.14, wala si mimi niliyezibadilisha. Kuhusu kubomoa, nilikataa na bado nakataa. Mji ule ule tuliouiga ulikarabatiwa kuanzia mwaka 1853 chini ya mbunifu Viollet-le-Duc, akaiwekea minara paa zilizochongoka za vigae vya mawe ya kijivu katika sehemu ya nchi ambayo paa zake za kawaida ni za vigae vya udongo, na kwa ajili hiyo ameendelea kulaumiwa mpaka vizazi vya leo. Sikutaka tuingie katika lawama za namna hiyo. Kwa hiyo niliagiza kila tundu lizibwe kwa jiwe la aina ile ile iliyokuwepo, na badiliko pekee nililoruhusu ni la mekoni, ambako mioto ya wazi iliyowahi kuunguza mtaa wa waokaji imeondolewa na kuwekwa mioto ya kambi, ambayo haisambazi moto na hutoa moshi kupitia bomba la paa. Ukiweka robota la nyasi chini yake, moshi hupanda juu zaidi, na jioni mji ukiutazama kutoka ziwani unaonekana una watu wanaopika. Hilo hakuna aliyelilalamikia, ingawa hakuna pia aliyelishukuru.

Wanaosema mwenyekiti aliamua peke yake wanipe nafasi niwakumbushe kwamba vikao viwili viliitishwa kujadili jambo hili. Cha kwanza kiliangukia siku ya mechi ya watani wa jadi na tukabaki viongozi watatu na mwenye ukumbi. Cha pili kilikosa akidi kwa sababu ambazo hadi sasa sijaelezwa. Katiba inairuhusu kamati kutenda pale akidi inapokosekana mara mbili mfululizo, na ndivyo ilivyotenda.

Kuhusu fedha, tuna wanachama 46 na ada ya mwaka ni shilingi 30,000. Waliolipa yote ni 19, waliolipa nusu ni 8, na waliobaki 19 hawajalipa chochote. Tumekusanya shilingi 690,000 badala ya 1,380,000. Seva, yaani kompyuta ya kukodi inayotukutanisha mjini, ilitugharimu 600,000, ukumbi na maji 85,000, diski na vifaa vingine 140,000, jumla 825,000. Pengo la shilingi 135,000 lilizibwa na mwenyekiti, na risiti zipo kwa mweka hazina. Nimeshangaa kuona kwamba kati ya waliopaza sauti zaidi kuhusu vipande vilivyokatwa, wengi wanatoka katika wale 19 wa mwisho.

Kwa mwaka ujao, ni matumaini yetu kwamba hali itakuwa nzuri zaidi. Wapo wanaouliza kwa nini tulijenga mji wa Ufaransa wakati Zama za Kati zilikuwepo pia Kilwa Kisiwani, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na ambako kasri la Husuni Kubwa lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane. Swali ni zuri, na kamati italiangalia. Changamoto ni kwamba Kilwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na bloku za matumbawe za gemu hugeuka kijivu zikikosa maji, kwa hiyo itabidi tutafute jiwe jingine la kufanana nayo. Mungu akijalia, na ada zikilipwa, kazi hiyo inaweza kuanza wakati utakaofaa.

Daftari la ada litakuwa mlangoni wakati wa chai. Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Mwanza