Fulana zisubiri, Mwajuma

Dodoma, Machi

Dada Mwajuma,

Mbukwenyi! Za huko Kondoa, na magoti ya mama yanaendeleaje? Sisi huku wazima, mvua inakuja kwa mafungu lakini uwele umesimama. Mzee Chilongani anakusalimu sana na anakumbusha kwamba deni la asali halichachi. Mengine tutaongea kwa simu, maana kilichonikalisha chini kuandika ni hii bajeti yako ya siku ya kusoma vitabu hapo maktaba.

Turubai, viti, fulana, keki, spika, mshereheshaji, maji ya chupa. Nimeipitia juu hadi chini nikitafuta palipoandikwa vitabu, sijapaona. Mwajuma! Hii ni siku ya kusoma au ni kicheni pati?

Tarehe niimalize haraka. Unayumba kati ya 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Chukua Aprili. Tarehe 7 Julai kwetu ni Sabasaba, sikukuu, na hao wahudumu wa maktaba unaowategemea watakuwa makwao. Tena Julai ni upepo mtupu. Ukipanga vitabu nje, vumbi litaingia mpaka kwenye mishono. Hatari ya Aprili ni mvua tu, basi fanyeni ndani na turubai ulifute. Hapo nimeshakuokolea hela.

Sasa jambo lenyewe. Kisisomwe mbele za watu kitabu ambacho hakina nakala za kuazima siku hiyohiyo, pale mezani. Kipande kikisomwa vizuri, mtu anataka kujua kilichofuata, na hamu hiyo haikai. Mwambie "njoo wiki ijayo" na humwoni tena. Nakala 1 kwa ukumbi wa watu 40 ni kuwatania. Lenga nakala 5 za kila kitabu, na vitabu vyenyewe visizidi 4. Pa kuanzia ni sekondari za hapo jirani: riwaya na tamthiliya za mitihani hulala stoo kwa maboksi. Ziazime kwa maandishi: idadi, hali ya kila nakala, saini ya mwalimu na yako, la sivyo Mei utatafutwa.

Kuna watakaomuulizia mwandishi Abdulrazak Gurnah, tangu apate Nobel ya Fasihi mwaka 2021 haikosi mtu. Kwa Kiswahili ipo Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise, iliyotoka 2022. Kama mnayo nakala 1, iwekeni kwenye meza ya maonyesho na daftari la kujiandikisha zamu pembeni, ila isisomwe. Najua utasema "kipande kidogo tu". Hapana, dada.

Nakala nyingine unazo tayari, zimejaa kwenye lile kabati la vitabu vibovu. Vingi havijafa, vimelegea jalada tu. Chukua gundi nyeupe ya seremala na sindano ndefu ya kufumia. Simamisha kitabu, fungua jalada kidogo, utaona uwazi kati ya mgongo na kurasa. Paka sindano gundi nyembamba, iingize kwenye uwazi ule huku ukiizungusha, juu kisha chini. Weka karatasi ya kuokea ndani ya jalada pande zote mbili ili kurasa zisigandane (hapo ndipo keki yako inapoleta faida), funga, kandamiza kwa tofali lililoviringishwa gazeti, usiguse mpaka kesho yake. Gundi ikizidi, kitabu kikikauka hakifunguki, na ukikilazimisha kinapasuka pengine. Mimina kidogokidogo kwenye kifuniko cha chupa, kwa hewa yetu hii ikikaa wazi inaanza kuganda ungali kwenye kitabu cha tatu.

Selotepu marufuku. Inageuka njano, gundi yake inaingia kwenye karatasi, na siku ya kuibandua inaondoka na maandishi. Mwambie na Asha, yeye ndiye mtume wake. Vumbi nalo lisifutwe kwa kitambaa kibichi: shika kitabu kimefungwa barabara, piga brashi laini kutoka mgongoni kwenda nje, mlangoni, siyo ndani ya chumba. Na ukifika kwenye rafu za chini tazama ukutani kama kuna njia za udongo za mchwa. Ukiziona, ondoa vitabu vyote vya rafu ile kwanza na usogeze kabati mbali na ukuta. Mafuta ya taa usimwage, yatanukia vitabuni mwaka mzima na mchwa atahamia rafu ya pili.

Vitabu vipya, kama mtapewa vyovyote, msikabidhi kabla ya kuvilainisha. Kilichobandikwa kwa gundi tupu bila kushonwa kikifunguliwa ghafla katikati, mgongo unakatika na kurasa zinaanza kudondoka. Kisimamishe kwa mgongo mezani, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa chache huku, chache kule, mpaka mkutane katikati.

Kuazimisha ndiko kutakakokwama, nakwambia mapema. Fomu za uanachama zitangulie mashuleni na misikitini wiki 2 kabla, zirudi na picha na saini ya mdhamini, siku yenyewe mtu achukue tiketi yake tu. Utaratibu wa kadi mnaujua: kadi ya kitabu inatoka mfukoni mwake, inachomekwa kwenye tiketi ya msomaji, tarehe ya kurudisha inagongwa, viwili hivyo vinaingia kwenye trei. Balaa liko kwenye trei. Foleni ikiwa ndefu kadi za leo zinachanganywa na za zamani, kitabu kikirudi kadi haionekani, na msomaji wa watu anadaiwa kitabu alichokwisha kurudisha. Tengeni trei ya siku hiyo peke yake, na kadi zipangwe kwa namba baada ya watu kuondoka. Mmoja agonge muhuri, mwingine ashike trei, wasibadilishane.

Usomaji wenyewe ni mwepesi ukichagua vizuri. Dakika 5 kila mtu, yaani kama kurasa 2 au 3. Msichukue kipande chenye majina manane, msikilizaji hana pa kurudi nyuma. Kata pale mlango umegongwa na hatujui nani yuko nje. Alama za kuvuta pumzi ziwekwe kwenye fotokopi, siyo kitabuni. Shairi liimbwe, na apewe mwenye sauti, siyo mwenye cheo. Ile mizani 8 kwa 8 sikio huishika kabla ya maana. Mgeni rasmi naye apewe kipande asome badala ya hotuba. Wengi hukubali wakiletewa siku 3 kabla, kwa herufi kubwa. Kati ya wasomaji weka mpiga zeze, na ukumbi ukiwa mdogo hata spika huihitaji. Nimefuta na spika.

Zile fulana... haya, kama mfadhili ameng'ang'ania, ziwe 10 za wahudumu, zinazobaki zigeuke nakala. Nakala, Mwajuma.

Sasa nijibu. Ukumbi una viti vingapi ambavyo havijavunjika? Ufunguo wa kabati la vibovu anao nani siku hizi, bado yule aliyehamia Bereko? Kuna wino wa muhuri? Mwalimu mkuu wa sekondari amekubali kwa mdomo au kwa barua? Nani amemwambia mshereheshaji kwamba hatumhitaji, au unasubiri nimwambie mimi? Na keki ilikuwa ya nini hasa?

Gundi na brashi 2 nitazituma kwa basi la Jumamosi asubuhi, nitakupigia namba ya gari. Mtume kijana mapema, asisubiri kuitwa.

Wako,
Nyemo