Swali la mwanao kuhusu dira

Arusha, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila baridi imetubana. Swali la mwanao limenifurahisha kweli: kama ncha za sumaku zinazofanana hufukuzana, mbona kaskazini ya dira haiikimbii kaskazini ya dunia? Sisi tulikariri tu ile sheria, tukajibu mtihani, yakaisha.

Mwambie yuko sahihi. Ile ncha ya sindano iliitwa ya kaskazini kwa sababu ndiko inakoelekea ikiachwa huru. Kwa hiyo kinachoivuta kutoka kule Aktiki, kwa tabia yake, ni ncha ya kusini ya sumaku. James Clark Ross, baharia mpelelezi wa Uingereza, alipoifikia mwaka 1831, kaskazini mwa Kanada, alikuwa amesimama juu ya kusini! Nayo haitulii: tangu hapo imehama Kanada, inaelekea upande wa Siberia.

Usimwachie maneno matupu. Mtafutie sumaku ya spika mbovu. Ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa. Achukue sindano ya kushonea, aisugue kwa uso mmoja kutoka tunduni hadi nchani, mara nyingi, kila akifika mwisho ainue mkono na kuanza upya. Akisugua kwenda na kurudi anajisumbua bure. Kisha ailaze juu ya kipande cha kandambili kuukuu kinachoelea kwenye beseni la plastiki. Itageuka polepole mpaka ilale kaskazini na kusini. Sindano ya pili aisugue kwa uso ule mwingine, aone itakavyoelekea kinyume. Halafu moja aikate katikati kwa koleo (wewe ukiwepo, vipande huruka): kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili.

Hilo la kukata liliandikwa tangu 1269, tena kwenye barua kwa rafiki kama hii. Petrus Peregrinus, Mfaransa, alikuwa kwenye kambi ya jeshi lililouzingira mji wa Lucera, Italia, akapata nafasi ya kumwelezea mwenzake jinsi ya kuzitafuta ncha za jiwe la sumaku. Watu wanapigana, yeye anahangaika na sindano! Ila alidhani dira inavutwa na mbingu. Ni mwaka 1600 ndipo William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, alipoandika kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Lakini ninalolipenda zaidi liko kwetu. Lava ikipoa, chembe za chuma ndani yake hubaki zimeshika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku hiyo. Lava za Bonde la Olduvai zilipopimwa miaka ya 1960, zilionyesha kwamba miaka kama milioni 1.8 iliyopita kaskazini ilikuwa upande huu wa leo, ingawa kabla na baada ya hapo ncha zilikuwa zimegeuka na dira ingeelekea kusini. Wanajiolojia duniani kote wanakiita kipindi hicho Olduvai. Mgeuko mkubwa wa mwisho ulitokea miaka kama 780,000 iliyopita.

Mkija Desemba tutampeleka bondeni. Ile sumaku isikae karibu na kadi yako ya benki, na shemeji msalimie sana.

Wako,
Mama Neema