Shukrani kutoka kwa familia, Ujiji, Kigoma

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Sisi watoto wa marehemu mama yetu, muuza dagaa wa siku nyingi pale mwalo wa Kibirizi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali. Yeye ndiye aliyetupa, Yeye ndiye aliyechukua.

Kwetu msiba haukuwa ndio siku ngumu. Ngumu zilikuwa zile za kabla, saratani ya umio ilipofika mahali hata uji haupiti, mama analia usiku kucha nasi tunazunguka uani. Tulikwisha kuanza kuchangishana tumrudishe Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Ndipo akaja dada muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa maradhi mazito, akaketi mkekani, akamuuliza mama mwenyewe, si sisi: "Mama, wewe unataka nini?" Mama akajibu, "Nataka nilale. Na nisifie njiani."

Akaanzishiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, chungu kama shubiri. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kitinda mimba wetu ndiye aliyekuwa akipima kwa bomba la sindano. Mama akapata usingizi. Wapo waliosema tumemkatia tamaa, wengine kwamba dawa ile inaua polepole. Hatuna kinyongo nao, ila wajue mama alibaki na akili zake timamu: aligawa khanga zake, akalipa madeni, akaombana radhi na dada yake, na shahada akaitamka kitandani kwake, kwa ulimi wake.

Dada muuguzi, uliyekuja hata siku zako za mapumziko, mvua inanyesha, ukamgeuza mama na kumsafisha vidonda kama mamako mzazi, hatuna cha kukulipa. Allah akulipe. Na jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa Kikristo uliyelala naye chumba kimoja ili sisi tupumzike: Mungu akubariki sana.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wa hospitali ya Maweni, maimamu na waumini, kina mama wa kikoba, wavuvi na wachuuzi wa Kibirizi, vijana wa bodaboda, waliochimba kaburi, waliopika, waliochota maji, ndugu wa Kasulu, Uvinza, Tabora, Bujumbura na Kalemie, na wote mliotuma rambirambi kwa simu.

Tuliowasahau, tafadhali tuwieni radhi, mko wengi mno na daftari la michango lililowa mvua. Kutotajwa si kutothaminiwa.

Hitma ya arobaini itasomwa hapahapa nyumbani baada ya Alasiri, siku tutawatangazia msikitini. Mofini iliyobaki imerudishwa hospitali. Masufuria mawili makubwa na mikeka bado viko kwetu, wenyewe mje kuchukua.